Cheti cha Uhai

Bi Nasambu hupanda ngazi zetu mara moja kwa mwaka,
ghorofa ya pili, Luthuli, juu ya duka la spika,
kuja kuthibitisha kwamba hajafa.

Anaweka mkoba magotini, anatoa fomu
iliyokunjwa mara nne ndani ya karatasi ya mkate.
Mhuri wa chifu bado unanuka wino.
Marehemu Wekhanya alikaza boliti miaka kumi na mmoja
katika kiwanda kimoja cha Nagoya,
na ofisi ya pensheni ya huko
haitaki barua pepe, haitaki picha ya simu.
Inataka faksi.

"Mashine iko wapi?"
Anatazama kona ilipokuwa.
Pale sasa pana birika la umeme
na kalenda ya kampuni ya bima iliyofilisika.
Niliiuza kwa kilo, Bi Nasambu.
Mtu wa vyuma kutoka Gikomba aliitundika kwenye mizani
kama nyama, kilo saba na robo,
akashuka nayo, mkono wa simu ukining'inia nyuma yake
ukigonga kila kipandio.

Basi nalaza fomu juu ya kioo.
Mwanga unapita chini yake polepole:
jina, nambari ya kitambulisho,
alama ya kidole gumba kilichopalilia mahindi Kimilili.
Naandika nane, moja, kisha tarakimu
anazozitaja bila kusoma popote,
kama mtu anayewaita wajukuu waje kula.
Nabonyeza.

Kiduara kinazunguka.
Kwetu ni saa nne kasorobo asubuhi,
kwao saa kumi kasorobo, jua limeshageuka,
na saa kumi na moja ofisi inafungwa.
Wekhanya alikuwa akisema kule hakuna "ngoja kidogo".

Laini ina shughuli.
Narudia.
Stima inapotea. Luthuli nzima inanyamaza,
spika zote zinameza wimbo katikati ya neno,
halafu jenereta ya jirani inakohoa,
inakohoa,
inashika.

"Zamani," asema, "ile kitu ililia."
Ni kweli. Kamusi inaiita kipepesi
lakini mimi sikuiona ikipepesa;
ilipiga mluzi, ikakwaruza, ikakoroma kama bata aliyekabwa,
naye husimama kando yake, mkono kifuani,
akisikiliza uhai wake ukiingia kwenye waya.
"Sasa nitajuaje?"

Namwambia ninachokijua, nacho ni kidogo:
kwamba mahali fulani kompyuta ya mtu nisiyemjua
inajifanya mashine, inapiga simu Nagoya,
inalia kwa niaba yetu
mbali na masikio yetu.
Ananitazama kama aliyeuziwa sukari yenye mchanga.

Basi nafanya jambo ambalo Murithi,
anayejaza fomu za ushuru meza ya pili,
atanichekea hadi Krismasi.
Nalia mimi.
Piii, krrr, shhh, piii,
kwa mdomo, mbele ya wateja,
mtu mzima mwenye leseni ya biashara ukutani.

Anasikiliza bila kutabasamu.
"Mwisho wake," anasema, "ulikuwa mrefu zaidi."
Naurefusha.

Saa tano kasorobo jibu linaingia:
ukurasa mmoja kati ya mmoja, umepokelewa.
Namchapia. Shilingi mia mbili na kumi,
ile kumi anaitafuta kwenye pindo la leso.
Kisha anaichukua fomu yake, ileile, nzima,
anaigeuza, anaichunguza mgongoni
kama anayetafuta tundu ilipotokea.

"Kwa hiyo niko hai."
"Hadi Septemba ijayo, Mama."

Anaikunja mara nne.
Kule kwenye ngazi namsikia, akidhani yuko peke yake,
akijaribu ule mlio,
akikosea kwenye krrr,
akianza upya.